Kisiwa cha Watu Waliokimbia Kelele

Wiki iliyopita nilikuwa harusini, katika ile hoteli kubwa iliyo karibu na Bustan, hapa Maskati. Vigelegele vilipopamba moto nilitoka kwenye ukumbi wa wanawake kutafuta hewa, nikafuata ujia mrefu wenye zulia zito, na mwisho wake, juu ya meza yenye maua, nikakuta picha. Haikuwa ile yetu ya nyumbani nilipokuwa mdogo, lakini ilikuwa ndugu yake kabisa: maji yaliyotulia kama maziwa, mawingu yenye rangi ya ndani ya kombe, na katikati ya maji kisiwa kidogo chenye majengo ya mawe na mnara mmoja mwembamba. Nikasimama. Mtu mzima mimi, nimejipamba kwa dhahabu na viatu vinavyonibana, nimesimama mbele ya pambo la hoteli.

Mhudumu mmoja msichana alipita na sinia la bilauri. Nadhani alinisikia nikijisemea, maana alinisemesha kwa Kiswahili cha bara.

"Mama, umepotea? Ukumbi wa akina mama ni upande ule."

"Sijapotea, mwanangu. Nnatazama tu."

Akaitazama na yeye kidogo. "Pazuri, eh? Sijui ni wapi."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi niliwahi kujua ni wapi, na kwamba nilijua kwa uhakika ambao sijaupata tena katika jambo lolote. Lakini alikuwa kazini, na sinia lilikuwa zito. Nikamwachia njia.

Picha yetu sisi ilikuwa mtaa wa Hamriya, katika nyumba niliyozaliwa, nyuma ya maduka ya vitambaa. Nyumba yenyewe ilishavunjwa, na picha sijui iliishia wapi. Ilitundikwa sebuleni, pale Baba alipopokelea wageni wake, nayo ilikuwa kubwa mno kwa ukuta ule. Alipewa na mzungu mmoja aliyekuwa akifanya naye kazi bandarini. Siku mzungu yule alipokuwa anarejea kwao moja kwa moja, aligawa vitu vyake vya nyumbani kwa wenzake. Mmoja akapata friji, mmoja akapata makochi, Baba akaja na picha. Mama alimtazama anavyohangaika kuipitisha mlangoni, akasema, "Mwenzio kapata friji." Baba alikuwa anaifuta vumbi kwa kilemba chake.

Nilipokuwa mkubwa, katika kitabu cha sanaa cha chuo, nilikutana na jina la mtindo ule. Huitwa Rokoko. Ni wachoraji wa Ulaya wa zamani waliopenda mwanga laini, magofu yaliyoota majani, na watu wadogo wadogo wasio na haraka. Yetu ilikuwa nakala, tena si ajabu nakala ya nakala. Lakini mimi sikuijua kwa jina. Niliijua kama mtoto anavyoijua dari ya chumba anacholala. Fremu yake ilikuwa ya rangi ya dhahabu, imejipinda pembeni kama makombe na majani ya mwani, na katika mikunjo ile vumbi lilikuwa halitoki hata ufanyeje. Upande wa kushoto palikuwa na ukuta uliobomoka na mti uliolala juu ya maji. Chini ya ukuta wanawake wawili walikuwa wanafua. Kulikuwa na mbwa mweupe. Kulikuwa na mtumbwi, na ndani yake mtu mmoja amekaa, amevaa joho la kahawia na kamba kiunoni, ametugeuzia mgongo. Anakwenda kisiwani. Na kisiwa chenyewe kimekaa mbali, katika ukungu mwepesi wa rangi ya waridi, na kuta zake, na mnara wake, na madirisha madogo yasiyo na mtu.

Bibi, mama yake Baba, hakuipenda. Bibi alizaliwa na kuolewa Unguja, akaja Maskati akiwa mama wa watoto wakubwa, na aliishi nasi. Alisema nyumba yenye picha za watu malaika hawaingii.

"Watu gani, Mama?" Baba alimwambia. "Hata chembe ya mchele kubwa kuliko wao."

"Chembe ya mchele haina macho."

"Na hawa hawana. Sogea utazame."

Bibi hakusogea. Kila ulipoingia wakati wa kusali aliifunika kwa kanga yake, kona moja huku, kona moja kule, akishamaliza akaifunua. Mimi nilidhani anakifunika kisiwa ili nacho kipate kupumzika.

Siku moja mchana, Baba ameegemea mto anatazama picha yake kama kawaida, nilimuuliza nani anakaa kule ndani.

"Watawa," akasema. "Wanaume wa Kikristo walioacha kila kitu."

"Wanafanya nini?"

"Wanasali. Wanalima bustani yao. Hawasemi ovyo. Wamekimbia kelele za dunia."

"Na watoto wao?"

"Hawana watoto. Hawaoi." Kisha akacheka kidogo, peke yake, akaongeza, "Watu wana akili wale."

Nimeyageuza maneno yale maisha yangu yote. Alikuwa anafanya mzaha, kama wanaume wanavyofanya mzaha kuhusu ndoa. Lakini mzaha ule alimfanyia mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza shule, na mtoto yule aliuchukua wote, neno kwa neno, akauweka.

Lazima niseme pia kwamba nyumba yetu ilikuwa na kelele. Mama alikuwa mtu wa sauti. Aliimba akipika, akitwanga kitunguu thomu kinu kilisikika kwa jirani, na akicheka alipiga mapaja. Redio haikuzimwa. Mimi nilikuwa mtoto wake hasa. Nilipiga masufuria kwa vijiko na nilikimbia kwenye ngazi badala ya kutembea. Baba alipojilaza baada ya chakula cha mchana tulikuwa tunamsikia kule ndani: "Kelele! Humu ndani hapana raha hata kidogo!" Mama alipunguza redio kidogo, akanifinyia jicho.

Halafu Baba hakurudi nyumbani. Kwanza ilikuwa siku mbili tatu, za kazi, tukaambiwa. Kisha zikawa nyingi. Nguo zake nyeupe zilizopigwa pasi zilibaki zimening'inia kabatini. Nilisikia mlango unapigwa nikakimbia, nikakuta ni mama mmoja jirani amekuja kuazima mbegu za iliki. Alimuuliza Bibi, "Khalfan mbona haonekani?"

Bibi hakusita hata kidogo. "Yuko kisiwani."

"Lo! Kaenda lini?"

"Kaenda zamani. Kuna mambo ya nyumba ya marehemu baba yake kule, yamesimama tu. Atakawia."

Kwa Bibi, kama kwa wazee wote wa Kiunguja wa Maskati, kisiwa kilikuwa kimoja tu duniani, hakikuhitaji jina. Jirani alielewa Unguja. Mama, aliyekuwa jikoni anasikia, alielewa Unguja. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni sebuleni, na nikanyanyua kichwa kutazama ukutani.

Mtu aliyekuwa ndani ya mtumbwi alikuwa amenipa mgongo vilevile kama siku zote. Mabega yake yalikuwa ya Baba. Sijui kwa nini sikuwahi kuyatambua kabla ya siku ile.

Kwa hiyo alikwenda kwa wale watu wenye akili. Hakuwa amekufa kama baba wa mwanafunzi mwenzangu, wala hakuwa amefungwa. Alikuwa kule anasali na kulima bustani, na kilichompeleka nilikijua, maana alikisema kwa sauti kila mchana: kelele. Zangu na za Mama. Nililipokea jambo lile kwa utulivu wa ajabu. Mtoto hulilia asichokielewa. Mimi nilielewa kila kitu. Nilichotakiwa kufanya ni kuitengeneza nyumba yetu iwe kimya kama kule, ili asiwe na haja ya kukaa mbali.

Nikaanza siku ileile. Nilivua makubadhi mlangoni na kutembea kwa vidole. Masufuria sikuyagusa tena. Nilijifunza kufunga mlango kwa kuugeuza kitasa polepole mpaka ulimi wake uingie bila kulia. Kikohozi nilikibana kwenye mto. Shuleni mwalimu alimwita Mama akamwambia mtoto huyu ana nini, siku hizi hajibu hata akiitwa jina. Redio nilikuwa naizima kila Mama akitoka chumbani, naye anarudi anaiwasha, mpaka siku moja akanishika mkono.

"We mtoto, una nini na redio yangu?"

"Kelele, Mama."

"Kelele zimekuanza lini?"

Nikachomoa mkono nikatoka. Kesho yake alikuwa anakuna nazi na anaimba, wimbo wa harusi wa kwao, ule unaoitikiwa na wanawake wote. Nikaenda nikasimama mbele yake.

"Mama, usiimbe."

"Kwa nini nisiimbe?"

"Baba akisikia hatorudi."

Mbuzi ya nazi ikanyamaza. Mama alinitazama na kifuu mkononi, na uso wake ukafanya kitu ambacho nilikuwa sijakiona kikifanywa na uso wa mtu mzima: ulijaribu kucheka ukashindwa katikati. Mpaka leo sijui alielewa nini katika maneno yale. Labda alidhani kuna mtu mzima amenifundisha niseme. Labda alidhani Bibi. Hakuniuliza. Aliendelea kukuna nazi, na tokea siku ile mama yangu hakuimba tena jikoni. Sisemi hivyo ili kunogesha habari. Nilikaa naye miaka mingi baadaye, na hakuimba.

Mimi nilifurahi. Nilikwenda sebuleni kumwangalia yule mtu wa mtumbwini, kuona kama amegeuza kichwa.

Kisha ikaja siku ya simu. Mama alimpigia kaka yake, mjomba wangu, aliyekuwa Unguja. Wakati ule simu za mbali zilipigwa kwa sauti ya juu, kwa hiyo nilisikia upande wa Mama wote.

"Shemegi yako umemwona? ... Nakuuliza, Khalfan umemwona? ... Hajafika? Hata siku moja? ... Na nyumba ya mzee wao? ... Imefungwa. Ahaa. ... Hapana, hapana kitu, kaka. Nilikuwa nauliza tu."

Alipoweka simu alikaa palepale kwenye kiti, mkono umebaki juu yake. Nilimwonea huruma kwa jinsi asivyojua. Nilitaka kumwambia kwamba mjomba anamtafuta pasipo, kisiwa siyo kile. Lakini kusema kungekuwa kelele.

Ndivyo tulivyoishi, wanawake watatu katika nyumba moja, kila mmoja na kisiwa chake. Cha Bibi kilikuwa uongo alioutunga yeye, anawalisha majirani kila siku. Cha Mama kilikuwa kimeshazama siku ya simu, naye hakumwambia mtu. Na changu kilikuwa ukutani.

Bibi alikuwa na desturi ya kutoka Ijumaa baada ya adhuhuri. Alijifukiza, akavaa baibui, teksi ikaja kumchukua. Alisema anakwenda Sib, nje ya mji, kumtazama mgonjwa, mwanamke waliyekua naye Unguja. Alikuwa anachukua vyombo vya chakula na kurudi na vyombo vitupu, na siku za kurudi alikuwa mchangamfu, akila halua kwa kahawa na kutusimulia mambo ya zamani. Ijumaa moja Mama alikuwa ameitwa kwa jirani kusaidia shughuli ya maulidi. Bibi alinitazama nilivyokaa kimya karibu na dirisha, nadhani na yeye alinionea huruma kwa namna yake.

"Vaa viatu," akasema. "Leo nakupeleka kwa baba yako."

Sikumuuliza kitu. Nilikwenda chumbani nikavua bangili zangu, zile ndogo za dhahabu nilizovishwa nilipotobolewa masikio, kwa sababu zilikuwa zinagongana. Niliziweka chini ya mto. Nikachagua viatu vya mpira. Nilikuwa nataka anikute nimeshakuwa mtu anayefaa kwa kule.

Njia ya Sib ilikuwa ndefu kwangu. Tulipita uwanja wa ndege, ndege ikatupita juu karibu hata nikaona magurudumu, na baadaye harufu ya samaki waliokaushwa ikaingia kwenye gari, nikajua tumefika baharini. Kati ya nyumba na nyumba nikaona mchanga, na mashua za wavuvi zimepandishwa juu. Nilisimama kwenye kiti nitazame vizuri. Bahari ilikuwa tupu, buluu, inawaka jua. Hapakuwa na ukungu wala waridi.

"Bibi, mtumbwi uko wapi?"

"Mtumbwi wa nini?"

"Wa kutuvusha."

Bibi alicheka mpaka mwenye teksi naye akacheka. "Hapana kuvuka, mwanangu. Nyumba iyo hapo."

Tulisimama kwenye mtaa wa nyumba za serikali, zote za rangi moja, kila moja na tangi lake la maji juu. Kabla hatujaufikia mlango nilisikia kelele. Televisheni ilikuwa imefunguliwa kwa nguvu zote, watu wanacheza mpira, mtangazaji anapiga mayowe kwa Kiarabu. Juu ya kelele za televisheni kulikuwa na mwanamke anaita mtu kutoka chumba kingine, na juu ya sauti ya mwanamke kulikuwa na mtoto mchanga, analia kilio kile cha kuchubua koo. Nikamshika Bibi baibui. Nilidhani amekosea nyumba.

Baba ndiye aliyefungua mlango. Sikuwahi kumwona vile. Kwetu alikuwa havui kanzu mpaka anakwenda kulala. Hapa alikuwa na kikoi na fulana, ndevu hakuchonga, na begani ameshikilia mtoto anayelia, anampigapiga mgongo, na yeye mwenyewe anacheka. Alikuwa anacheka! Katikati ya mambo yote yale. Kicheko kikabaki mdomoni aliponiona mimi, kama kitu alichosahau kukiondoa.

"Mama," akamwambia Bibi, "huyu umemleta wa nini?"

"Si mwanao? Mpaka lini?" Bibi akampita, akamchukua mtoto mikononi mwake, na mtoto akanyamaza mara moja, wanajuana. "Njoo umwone ndugu yako," akaniambia. "Kapewa jina la babu yako."

Mimi nilikuwa bado natazama nyuma ya Baba, ndani. Nilikuwa nawatafuta wale wengine, wenye majoho ya kahawia.

"Baba," nikamuuliza, "wenzako wako wapi?"

"Wenzangu wepi?"

"Wanaosali."

Hakuelewa. Alimtazama Bibi, Bibi akapandisha mabega. Mwanamke akatoka jikoni anafuta mikono, kijana, mnene kidogo, mzuri, nywele ameziachia. Aliponiona alipiga kelele ya furaha ya kweli. "Taali, taali, ya habibti!" akasema, njoo, njoo mpenzi wangu, akanivuta, akanibusu huku na huku, na alinukia udi mtamu kuliko wa kwetu. Hakuwa na Kiswahili ila maneno mawili matatu aliyoyaokota kwa Bibi, na alivyokuwa hanielewi alikuwa anapandisha sauti.

"Muamkie mama yako mdogo," Bibi akasema.

"Shikamoo," nikasema, nayo haikutoka sauti.

Nilikaa kwenye kochi mchana wote na sahani ya biskuti mapajani. Mama mdogo alinifukiza udi kwenye nywele na nguo, akanichezea mashavu. Televisheni haikupunguzwa hata kidogo. Mtoto akilia Baba anaruka, anamrusha juu, anamtolea midomo, na yule mwanamke anacheka kwa sauti kubwa kuliko hata ya Mama, anapiga mapaja vilevile, na Baba anamtazama anavyocheka kwa macho ambayo mimi nilikuwa nayajua. Ndivyo alivyokuwa anaitazama picha yake.

Hapo ndipo nilipoelewa, bila kuambiwa na mtu. Hakuwa amekimbia kelele. Niliwaza vitasa vyote nilivyovigeuza polepole. Niliwaza Mama na kifuu mkononi. Kelele zilikuwa hazimkeri; alikuwa anazipenda. Ni zetu tu ndizo alizokuwa hazitaki.

Katika teksi ya kurudi Bibi alinishika kidevu. "Mama yako usimwambie. Ana moyo mdogo, atajiumiza bure."

"Nimwambie tulikuwa wapi?"

"Tulikwenda kumtazama mgonjwa."

Alitoa halua kwenye karatasi akanipa kipande, na kwa mara ya kwanza nilimwona Bibi yangu jinsi alivyo: mzee anayempenda mwanawe, na mjukuu wa kiume aliyerudisha jina la mumewe duniani, na mzee huyohuyo alikuwa tayari kutukalisha mimi na Mama kwenye ukimya kadiri itakavyohitajika. Niliikataa halua. Nadhani ndicho kitu cha kwanza nilichowahi kumkatalia.

Mama alikuwa amesharudi. Alinipokea mlangoni, akainama kunibusu kichwani, akabaki pale, pua kwenye nywele zangu. Alinichukua mkono akanipeleka bafuni, akanivua nguo, akanikalisha kwenye kibao, akafumua misuko yangu mmoja mmoja, akaanza kunimwagia maji kwa kopo.

"Nani kakufukiza udi?" akauliza nyuma yangu.

Nilikuwa hodari wa kunyamaza.

Akanipaka sabuni, vidole vyake vinakwenda taratibu. "Wana mtoto?"

Nikatikisa kichwa kukubali, na kichwa kilikuwa mikononi mwake.

"Mwanamume?"

Nikatikisa tena. Mikono ilisimama, kisha ikaendelea.

"Baba yako kakuuliza khabari zangu?"

Nilijua jibu. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi lile mchana kutwa nikilingoja swali hilo litoke kwa Baba.

"Kauliza," nikasema.

"Kaulizaje?"

"Kasema, mama yako hajambo?"

Maji yakamwagika kichwani, marefu, ya baridi, mpaka kopo likaisha. "Tangu anioe," akasema Mama, "hajawahi kuniuliza kama sijambo." Akanifunga taulo, akanikumbatia nikiwa nimelowa hivyohivyo, na tukakaa sakafuni pale bafuni mpaka Bibi akaita kwamba maghribi imeingia.

Baadaye mambo yalijipanga kama yanavyojipanga. Mama hakudai talaka. Kwao hakukuwa na mtu wa kumpokea na watu wa kwetu hawakumshauri vingine. Baba akawa na zamu zake, siku zake kwetu na siku zake Sib, na majirani wakasema Khalfan mwadilifu. Nilisoma, nikaolewa, nikapata nyumba yangu, ambayo watu wakija husifu utulivu wake. Mama alitangulia kufa. Baba akafuata mwaka jana, akazikwa Sib, na mimi nilikwenda msibani nikakaa mpaka mwisho, kwa adabu, karibu na mama mdogo aliyelia kwa sauti kubwa na kwa haki yake.

Lakini siku inayonirudia ni ile ya kwanza aliyokuja kwetu baada ya mambo kufunuka. Mama alikuwa amemwambia Bibi neno moja tu: "Mwambie mwanao aje, mchana, kwa mlango wa mbele, na amwambie mtoto kwa kinywa chake alikuwa wapi." Ijumaa akaja. Kanzu nyeupe, kilemba kimefungwa vizuri, kama mtu anayekwenda kuposa. Akakaa mahali pake sebuleni. Mama akanileta, akanisimamisha mbele yake, mikono yake mabegani mwangu.

"Mwambie," akasema.

Baba alinitazama kidogo. Kisha macho yake yakapanda yakapita juu ya kichwa changu, yakaenda ukutani, yakatulia kule.

"Utaelewa ukikua," akasema.

"Keshakua, Khalfan," Mama akamwambia. "Mtazame. Umemkuza wewe."

Hakunitazama. Alinyoosha mkono kupokea kikombe cha kahawa, kwa sababu mtoto wa kike akisimama mbele ya mgeni hutarajiwa kuwa ameleta kahawa, na kweli kikombe kilikuwa mkononi mwangu, Mama alikuwa amenikabidhi mlangoni. Nilikiona kiganja chake kimefunguka, kinangoja. Nikageuka, nikatembea nacho mpaka jikoni bila kumwaga tone, nikakimimina kwenye karo, kahawa ikiwa bado inatoa moshi. Kisha nikafungua bomba nikakiosha.